Folda ya Baba, Folda ya Mama

Saa mbili na nusu asubuhi, begi langu limeshafungwa zipu, mama alisimama mlangoni kwangu akasema, "Mwambie baba yako folda yake haifunguki."

Nikaliweka begi chini. "Haifunguki vipi?"

"Tangu alfajiri nabonyeza. Haifunguki."

Kutoka chumba cha pili, sauti ya baba ikaja juu, "Mwambie mama yako hata ya kwake haifunguki!"

Wanasikiana, hilo lieleweke tangu mwanzo. Kati ya chumba cha baba na cha mama kuna ukuta mmoja tu, na ukikohoa huku wanakusikia kule. Lakini hawasemezani, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Baba, ambaye ni mpima ardhi mstaafu, alimpa dada yake cherehani ya mama bila kuuliza. Mama akasema hatamsemesha mpaka aombe radhi. Baba akasema hawezi kumwomba radhi mtu asiyemsemesha. Basi wakakwama hapo, na mimi nikakwama katikati yao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa nina thelathini, na kaka yangu, mjanja aliyeoa akahama mapema, mpaka leo ananiita Posta.

Jamani, nimebeba maneno mimi! Mwambie chai iko tayari. Mwambie nimeiona. Mwambie asinijibu hivyo. Hapo wamekaa meza moja, magoti yanakaribia kugusana, nami nageuza shingo huku na huku mpaka chai yangu inapoa.

Mtu ataniuliza, simu hawana? Wanazo. Kila mmoja ameapa hapokei ya mwenzake. Na barua nayo ni kumsemesha mtu, hivyo wanavyodai. Miaka mitatu iliyopita ndipo nikapata akili. Kompyuta ya baba ya ramani na kompyuta ya mama ya kuchapia kazi za watu zote zinatumia ruta moja, kile kisanduku chenye taa za kijani pale sebuleni. Nikatengeneza folda mbili: Ya Baba kwenye kompyuta ya baba, Ya Mama kwenye ya mama, na kila mmoja akaweza kufungua ya mwenzake bila kutoka chumbani. Baba alifikiri siku mbili nzima, kisha akasema, "Mimi nitaandika kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Mtu akija kusoma, shauri yake." Mama naye akakubali kwa masharti hayohayo. Nikapumua.

Msicheke, halikuwa jambo dogo. Kabla ya folda nilisafiri siku mbili tu kwenda harusini kwa rafiki yangu. Zahanati wakapiga simu kusema dozi ya presha ya baba ipunguzwe haraka. Mama akapokea, akaandika kila kitu vizuri kwenye karatasi, akaiweka juu ya kitanda changu, akanisubiri nirudi. Niliporudi nilimkuta baba sakafuni bafuni. Alipona, lakini mimi sikupona na ile hofu.

Kwa hiyo nikakataa kazi ya kwanza, nikakataa na ya pili. Hii ya tatu, maabara ya hospitali katika mji ulio mwendo wa saa tisa kwa basi, niliikubali kwa sababu ya zile folda tu. Barua ilisema niripoti kesho saa moja na nusu, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Basi lilikuwa la saa nne. Dereva wa teksi nilimwambia aje saa tatu na nusu. Nilikuwa na saa moja, na zikiharibika folda siendi popote, kila mtu ndani ya nyumba ile alilijua hilo.

Nikaanza na ruta. Taa zote zilikuwa zinawaka. Nikaizima, nikahesabu mpaka thelathini, nikaiwasha. Wapi! Nikakaa kwenye kiti cha mama, nikabonyeza Ya Baba, ikazunguka weee, kisha ikaniambia haipatikani. Nikaiagiza kompyuta ya mama ibishe hodi kwa ya baba kwa namba yake ya mtandao. Ikaitikiwa mara nne, bila kusita. Kumbe njia ilikuwa nzima. Mlango ndio uliofungwa.

"Mwambie baba yako asiguse kitu," mama alisema nyuma yangu.

"Amesikia, mama."

"Mwambie tu."

Nikaenda kwa baba. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, haniangalii. Nikafungua mipangilio ya mtandao na kukuta kompyuta yake inauchukulia mtandao wa nyumbani kama wa ugenini, na kushirikisha mafaili kumezimwa kabisa. Nikalaani masasisho. Haya mambo hujiweka yenyewe usiku na kuvuruga kila kitu, nikamweleza, na baba akaitikia kwa kichwa, "Eeh, masasisho hayo." Nikarudisha kila kitu. Nikakimbia kwa mama, nikabonyeza. Ya Baba ikafunguka!

"Hiyo hapo!" nikasema, na nusura nicheze.

Mama hakucheza. Aliangalia saa ya ukutani. Saa tatu na dakika kumi.

Nikarudi kwa baba kujaribu Ya Mama. Huna ruhusa, ikasema. Nikaandika nywila upya. Huna ruhusa. Nikamwondoa mama kitini, samahani mama, nikafungua orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwenye folda yake. Jina la mama lilikuwepo, langu lilikuwepo. La baba halikuwepo.

Hapo nikatulia. Masasisho yanaweza kuzima kitu. Hayawezi kuchagua jina moja katika matatu na kulifuta. Huo ni mkono wa mtu, na ili ufike pale lazima ubonyeze mara sita na ukubali onyo.

"Mama, nani amegusa hapa?"

Mama akaanza kukunja nguo ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Nikafungua folda yenyewe, nikasoma faili la jana la mama, kisha nikafungua Ya Baba na kusoma la baba. Nikayapanga kwa saa zake, moja baada ya jingine.

Kesho saa nne anaondoka, mama aliandika. Folda zikiharibika haondoki.

Upande wangu naweza kuzima, baba aliandika. Wako je?

Nitafuta jina lako. Nilimwona mtoto akiyaweka majina.

Atakasirika.

Atakasirika akiwa hapa.

Basi tuzime baada ya chakula cha jioni.

Sawa.

Nililisoma lile neno mara tatu. Miaka kumi na moja sijawahi kupeleka "sawa" kutoka kwa mama kwenda kwa baba. Ni jambo la kwanza waliloafikiana, na jambo lenyewe lilikuwa kunifunga mimi. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawaka moto. Wakati huohuo, na hili nalisema kwa aibu, nilitaka kulia kwa furaha kwamba wameafikiana.

Nje, teksi ikapiga honi.

Nilichukua begi, nikatoka kwenye korido. Wote wawili walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake.

"Mwambie mama yako lilikuwa wazo lake," baba alisema.

"Mwambie baba yako yeye ndiye aliyezima wa kwanza."

"Siambii mtu!" nikapiga kelele. "Nimechoka! Mmesikia? Nimechoka nanyi!"

Mama alikuwa na machozi, baba anaangalia ndala zake, na nilijua kwamba nikisimama pale dakika moja zaidi nitafungua zipu ya begi. Sikulirudisha jina la baba kwenye ile orodha. Kwa hasira nikaingia sebuleni, nikaing'oa ruta ukutani pamoja na waya zake zote, nikaikumbatia, nikatoka. Mkitaka folda, nikasema moyoni, mtazungumza kwanza.

Basi liliondoka saa nne na dakika tano. Nilikaa dirishani, ruta mapajani, mwanamke wa kiti cha pili akiiangalia na kuona haya kuniuliza. Mji ukaisha, nikaona mashamba. Nikahisi mabega yananishuka. Nimetoka, nikajiambia. Kweli nimetoka.

Saa saba na robo simu ikalia. Baba.

"Umefika wapi?"

"Bado njiani, baba. Vipi, uko sawa?"

"Niko sawa." Akakohoa. "Zile dawa zangu za mchana sizioni. Mwambie mama yako."

"Baba, mama yuko wapi?"

"Yuko hapa."

Na kweli, nikamsikia akihema karibu kabisa na simu, lazima walikuwa wameinama pamoja, sikio kwa sikio. "Mwambie," mama akasema, "ziko juu ya friji, nyuma ya redio."

Nilisubiri. Nilimsubiri baba aseme amesikia, kwa sababu alisikia, hakuna namna asisikie. Nikahesabu pumzi zake, tano, sita. Mkono wangu ulikuwa juu ya ruta, waya zake zikining'inia mpaka sakafuni, na hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nyumbani hakukuwa na folda tena. Walikuwa nami tu, na dozi ya saa saba ilikuwa imeshapita kwa robo saa.

"Baba," nikasema, "mama anasema ziko juu ya friji, nyuma ya redio."

"Aa," baba akasema. "Mwambie asante."

Nikafumba macho.

"Mama," nikasema, "baba anasema asante."