Gari la Breki Moja

Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari langu la kazi lina breki mbili, ya mwanafunzi na yangu. Binti yetu kafaulu mtihani juzi tu, na leo baba yake kamletea gari la spoti jekundu, linanguruma utadhani lina ugomvi na mtu.

Nilipofoka, akanijibu, "Mama watoto, acha roho mbaya. Mwache mtoto atambe kidogo."

Haya. Nikamwachia kiti cha mbele kando ya binti, mimi nikajikunja nyuma. Kona ya kwanza binti aliingia mbio, na baba mtu akaanza kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili.

"Mama watoto, breki iko wapi?"

"Anayo mwanao," nikamwambia. "Peke yake."