Maboya Hayarudishwi

1
ILANI ILIYOBANDIKWA KWENYE KILA BOYA
Mali ya Kituo cha Utafiti wa Bahari. Chombo cha kupimia mkondo: huelea na maji, hutuma mahali kilipo. Ukikiona, mpigie simu Dkt. Raya Mhina.

2
Ilani niliiandika mwenyewe, ndiyo maana nina hasira. Msomaji, ungeokota kitu chenye jina la mwenyewe na namba ya simu, ungekiacha?

3
Gatini. Hamad Faki, mvuvi wa Wete, boya begani:
"Hodi, bibie. Nimekuletea chako."
"Mzee Hamad, nilikiweka baharini makusudi!"
"Kitu cha mtu hurejeshwa. Na kingine kipo kwa shemeji yangu."
Nikamfokea mbele za watu: ukiliona jingine, hata likikugonga mbavu, usiliguse!
"Haya, bibie. Nimesikia. Siligusi tena."

4
Kwenye kompyuta yangu, mkondo wa Pemba ulikwenda kaskazini, ukakata kona, ukaingia soko la samaki.

Kisha ukapanda pikipiki.

5
KUTOKA KWA MKUU WA KITUO
Takwimu zako hazikubaliki. Ramani ya uokoaji inabaki ilivyo: aliyepotea atafutwe kaskazini. Ombi lako la meli ya utafiti limekataliwa.

6
Kuna mahali maji hayaendi kaskazini. Yanazunguka kama uji unaokorogwa, yanarudi kusini. Boti ikizimika mashine pale, waokoaji wanakwenda kwingine kabisa. Nalijua hilo, na sina cha kuonyesha.
Boya moja tu limebaki majini.

7
"Dokta? Mie Mkasi, mke wa Hamad Faki. Katoka jana kuvua kule maji yanakozunguka, hajarudi. Watu wamekwenda kumtafuta huko kaskazini, na mie moyo wangu"

8
Redioni, kwa boti ya waokoaji.
"Nahodha, geuzeni! Nendeni kusini!"
"Ramani inasema kaskazini, Dokta. Una ushahidi?"
"Nina

9
boya."
Limegeuka. Linashuka kusini polepole, mwendo wa maji, si wa mashine. Miaka yote hii nimelisubiri, na sasa sina hata furaha.

10
"Haya, tunageuza. Lakini kusini ni bahari nzima. Mtu wako yuko wapi hasa?"
Nimempa mahali boya lilipo. Sina pengine pa kumpa.

11
Mzee Hamad, kama limepita karibu nawe, liokote. Lipakie botini, lifunge, lilalie, wakilifuata wakukute.

Liokote.

12
Mkasi yuko hapa ofisini, anatazama kile kinukta kwenye kioo. Nimemuuliza kama mumewe ni mtu wa kushika neno.
"Sana," amesema, kwa fahari.