Taa ya Injini ya Mzee Ebenezeri

Gari la Mzee Ebenezeri lilianza kusumbua wakati wa masika. Asubuhi liligoma kuwaka, na likiwaka lilitoa moshi mweusi uliotanda mpaka migombani. Binti yake, Elifuraha, alipopanda Machame kutoka Moshi mjini, alimkuta ameshafungua boneti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Njoo unisaidie. Hili la zamani halipokei vipimo vya kompyuta. Linataja ugonjwa wake kwa kukonyeza taa."

Miaka yote alilitengeneza mwenyewe hapo uani. Alipapasa kisanduku kidogo pembeni mwa injini, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya. Alikosea tundu mara kadhaa. Elifuraha akadhani ni mikono tu imezeeka. Kisha mzee akaketi kwenye usukani, akafungua swichi bila kuwasha injini.

"Haikonyezi," alisema. "Labda waya haujashika."

Elifuraha akachungulia dirishani. Taa ya njano ilikuwa ikiwaka na kuzima: mara mbili, ikatulia, mara mbili tena.

"Baba, mbona inakonyeza?"

"Wapi?"

Alimwonyesha kwa kidole. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa dashibodi, akageuza kichwa huku na huku.

"Ngapi?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Mbili, halafu mbili."

"Basi ni sensa, kile kifaa cha kupima joto la maji ya injini."

Elifuraha hakujali tena sensa. Aliwaza baba akiendesha kwenye ile barabara ya kuteremka mjini, kona zake, watoto wa shule.

"Tangu lini, baba?"

"Jicho la kushoto tangu mwaka jana. La kulia likafuata polepole."

"Na bado unaendesha? Mama anajua?"

"Mama yako ndiye anayeniambia kuna mtu barabarani."

Hospitali walisema ni presha ya macho. Dawa ingelinda kidogo kilichobaki, kilichopotea hakirudi.

Sensa mpya aliifunga Elifuraha, baba akimwelekeza kwa maneno. Gari likawaka mara moja, bila moshi. Hakuna aliyefurahi. Elifuraha akaliteremsha mjini likae kwake, baba asiliendeshe tena.

Jumapili iliyofuata jirani alikuja na gari lake kuwachukua mzee na mkewe kwenda kanisani. Mzee Ebenezeri alikataa kutoka chumbani. Mkewe akamsubiri mlangoni, amevaa tayari, mpaka kengele ya pili ikalia, kisha akapanda gari la jirani bila yeye.