Kiti cha Kamba za Buluu

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, siku hospitali ya mji ilipotolewa mikononi mwa Muungano wa nchi mbili, kubwa na ndogo, na kukabidhiwa serikali ya nchi ndogo yenyewe, ndiyo siku mambo ya Fundi Viti yalipoharibika moja kwa moja. Asubuhi utepe ulikatwa, wakubwa wa Muungano wakashikana mikono na wakubwa wa nchi, watu wakapiga makofi. Alasiri mkewe akabanwa na kifua akiwa anaosha vyombo. Fundi akatoka mbio kwenda kuitisha gari la wagonjwa.

Gari lilikuwepo. Tena lilikuwa limeoshwa na kupambwa riboni. Dereva naye alikuwepo, amekaa barazani.

"Mzee wangu," dereva alimwambia, "gari tangu asubuhi ni la nchi. Mimi bado wa Muungano. Nikiligusa, nimeiba."

"Sasa dereva wa nchi yuko wapi?"

"Hawajamwajiri bado."

Fundi aliponyenyekea mpaka akapata gari la kubebea kokoto na kufika nalo nyumbani, mama wa watu alikuwa ameshakata roho. Alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta, mikono bado ina povu la sabuni.

"Wamegatua hospitali," Fundi alisema msibani, "wakasahau kumgatua dereva." Waombolezaji waliinamisha vichwa. Walioziba midomo walikuwa wanazuia kicheko, na Fundi hakuwalaumu. Aliowalaumu walikuwa wamekaa maofisini.

Baada ya matanga alikwenda kwenye ofisi ya nchi kuuliza jambo moja tu: siku ile gari lilikuwa la nani? Wakamwambia makabidhiano yalianza kazi kesho yake, awaulize Muungano. Ofisi ya Muungano ikamwambia walishakabidhi asubuhi, awaulize nchi. Akapigwa danadana mpaka soli za viatu zikafumuka. Mtu pekee aliyemsikiliza alikuwa mbunge wa mji wao, mmoja wa wachache waliotumwa na nchi ile ndogo kwenye bunge kubwa la Muungano. Aliahidi kumuuliza waziri bunge likifunguliwa.

Kabla halijafunguliwa, redio ikatangaza kwamba viti vitapunguzwa. Nchi ndogo sasa ina baraza lake, kwa hiyo bunge kubwa halihitaji kuwa na watu wake wengi kiasi kile. Kiti cha mji ule kingeunganishwa na cha mji wa ng'ambo ya milima, ambako hakuna aliyemjua Fundi wala marehemu. Tume ingekuja kusikiliza maoni ya wananchi. Fundi alizima redio, akabaki anaitazama.

Nyumba yake ilijaa viti, maana ndiyo kazi yake, ila wa kuvikalia alibaki peke yake. Vingine vilikuwa vya wateja, vingine vya kukodisha kwenye shughuli. Kimoja tu hakikuwa cha biashara: kifupi, kimesukwa kamba za buluu, mguu mmoja umepungua kidogo. Mkewe alikuwa akilalamikia mguu ule miaka nenda miaka rudi. "Fundi wa mji mzima, na mkeo anabembea kama yuko mashuani." Naye akijibu, kesho mama, kesho. Siku hizi alikula akiwa amekielekea kile kiti. Majirani mwanzoni walipita kumjulia hali, kisha wakapunguza, kisha wakawa wanapunga mkono tu kwa mbali.

Siku moja kabla ya mkutano alikuja shemeji yake, kaka wa marehemu, msimamizi wa ukumbi wa mji.

"Shemeji, niokoe. Ukumbini sina viti."

"Tume ya viti haina viti?"

"Ndiyo hivyo. Usinicheke, nitafukuzwa kazi."

"Sicheki. Mimi nilishasahau jinsi ya kucheka. Kesho chukua vya kukodisha, vile vya uani."

Kesho yake Fundi alikuwa ametoka kununua gundi wapagazi walipokuja na mkokoteni. Walichukua vya uani, na vya ndani pia. Alipoingia ukumbini alikiona palepale: kiti cha kamba za buluu kiko mbele ya wote, mwenyekiti wa tume amekikalia, na kila akisisitiza neno kinabembea.

"Ninyi mnaamua mambo ya hospitali zenu wenyewe," mwenyekiti alikuwa akisema. Alitoka ile nchi kubwa. "Halafu mnakuja bunge kubwa kupiga kura juu ya hospitali zetu. Sisi juu ya zenu hatuulizwi. Hiyo ni haki?"

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililomuudhi Fundi zaidi. Alinyanyua mkono.

"Naomba usimame."

"Kwani wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ndiye mwenye kiti."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fundi akasubiri kiishe.

"Hicho cha buluu. Cha marehemu mke wangu. Kimebebwa kwa makosa."

Shemeji alijishika kichwa. Mwenyekiti akasimama taratibu, akajifuta suruali, hajui aegemee wapi, maana kiti kingine hakikubaki.

"Ukiwa umesimama hivyohivyo, nikuulize," Fundi alisema. "Siku aliyokufa, gari lilikuwa la nani? Na mkikiondoa kiti chetu, nani ataniulizia?"

"Pole sana, mzee. Lakini hilo ni la afya. Sisi ni wa viti."

"Hata mimi ni wa viti."

Safari hii hakucheka mtu. Mwenyekiti akageukia wenzake, wenzake wakageukia dirisha, na mtu wa nyuma akaitwa aseme yake kuhusu mipaka ya majimbo.

Fundi alikitwaa kiti, akakibeba begani mpaka nyumbani. Akakirudisha mahali pake, akachukua kipande cha mbao cha kuongezea mguu, akakipima, akakiweka chini. Akiurekebisha sasa, na aliyeulalamikia hayupo, utakuwa mguu wa nani? Akapakua chakula, akaketi kuelekea kile kiti.

"Wamesema watatangaza mwezi ujao," alikiambia. "Kama tunabaki na kiti au hatubaki."

Akakisukuma kidogo kwa kidole. Kikabembea, kikatulia.

"Haya, mama. Gari lilikuwa la nani?"