Kipandio cha Mlango wa Sufu

Maji hayakukauka sawasawa. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Filina, zamani, alipokuwa na miaka kumi na ndiyo kwanza amekabidhiwa ndoo na ufagio katika hekalu la Hera, nje ya mji wa Argosi. Kila alipomaliza kuosha kipandio, jiwe la kukanyagia mlangoni pa chumba cha kuhifadhia sufu, jua lililamba jiwe zima mara moja, lakini katikati zikabaki nyuzi nyembamba za unyevu. Nyingine zimesimama, nyingine zimelala, moja ya mviringo. Baba yake, mchonga mawe, alikuwa amemfundisha nusu ya herufi kabla homa haijamchukua. Nusu hiyo ilimtosha kusoma nusu ya jina.

Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi hii alikuwa ameinama juu ya jiwe lile lile, na wanaume watatu wakibishana uani, hatua chache tu kutoka kwake.

"Mzee Damasia, sikutoka Samo kuja kukutukana," alisema Kleandro, mgeni mwenye vidole vyeusi kwa wino. "Nasema tu miaka yenu haitoshi."

"Miaka ya Hera inatosha," alijibu Damasia, msimamizi wa hekalu. "Labda vidole vyako ndivyo havitoshi."

Simo, mchonga mawe, alikuwa amekaa kando ya bamba jipya la marumaru akitafuna tini. Alicheka, akatema kikonyo.

Huko Argosi mwaka haukuwa na namba; ulikuwa na mwenyewe. Mtu alizaliwa mwaka wa tano wa kuhani fulani, akaoa mwaka wa nane wa mwingine. Kuhani wa Hera, mwanamke mmoja, alitumikia mpaka kufa, kisha sanamu yake ikasimama kwenye njia ya kupanda hekaluni. Filina aliwaosha wote, kuanzia wa karibuni mpaka wale wa kabla ya Troya, ambao mvua ilikuwa imewala pua. Ni kwa ajili ya mlolongo huo Kleandro alikuwa amekuja. Alikwisha kunakili majina ya watawala wa Athene na wafalme wa Sparta, na sasa alitaka kuyafunga yote kwenye kamba moja, ili mtu yeyote aweze kuhesabu kutoka leo mpaka siku Troya ilipoanguka. Jua likifika utosini, wazee wa mji wangeiapia orodha madhabahuni, na Simo angeanza kuchonga. Kilichoapiwa mbele ya Hera hakibadilishwi tena.

"Vita vyenu na Sparta vilikuwa mwaka wa mwisho wa kuhani Alkinoe," alisema Kleandro. "Hapo tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Waathene wanasema ni miaka sabini iliyopita. Wasparta hawapatani na Waathene hata kuhusu ladha ya chumvi, lakini nao wanasema sabini. Ninyi baada ya Alkinoe mna Faena, miaka thelathini na minne, halafu huyu wa sasa, ishirini na mitano. Hamsini na tisa."

"Basi wenzetu wamezidisha."

"Wote wawili? Kwa miaka kumi na mmoja ile ile?"

"Mgeni, sisi huku tunaishi haraka," alisema Simo.

"Usicheke, bwana. Nikiifuata orodha hii mpaka Troya, kuna mfalme atarudi kutoka vitani na ngawira zake ilhali alishazikwa miaka sita kabla. Nikawaambie nini watu? Kwamba mashua iliendeshwa na maiti?"

Damasia hakucheka. "Niliyoipokea ndiyo nitakayoiapia."

Filina alikaza macho kwenye kitambaa chake. Bibi yake, Kalipa, aliyefariki miaka miwili iliyopita, alikuwa na maneno yake yasiyobadilika: "Mimi ni wa mwaka wa tatu wa Timanthi, jua lilipozimika mchana na kuku wakaenda kulala." Majirani walimuuliza kama kuhani huyo, asiyekuwamo kwenye orodha, alimteua yeye mwenyewe. Kwenye sikukuu ya Hera wanawake wa mji walipanda hekaluni safu kwa safu, kila safu na mwaka wake wa kuzaliwa. Wenzake Kalipa waliona haya, wakajisogeza kwenye safu za Alkinoe au Faena. Yeye alikataa. Alitembea peke yake, nyuma ya ng'ombe wa kafara, akiangalia anapokanyaga. Watu walimcheka barabara nzima. Hata nyumbani walimcheka.

Siku moja tu alimweleza mjukuu wake. Baada ya vita, wanawake mateka walikimbilia madhabahuni, na aliyeshika madhabahu haguswi. Waliowateka wakaja na kamba. Timanthi akafunga lango, akasimama mbele yake. Mji haukumsamehe. Miaka kumi na mmoja baadaye wakamwondoa, wakavunja sanamu yake, wakakata kauli kwamba miaka yake isitajwe. Jiwe lililobeba jina lake wakalilaza mahali penye miguu mingi, jina likitazama juu, ili kila apitaye alifute.

Wanaume walianza kukusanya vitu vyao. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimebaki kifupi kama kiatu. Filina hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya watu. Basi akachukua ndoo, akashuka mbio mpaka chemchemi, akapanda nayo imejaa. Akaimwaga yote juu ya kipandio.

"We binti!" Simo aliruka. "Unaosha hekalu au unatuosha sisi?"

"Subirini," alisema Filina.

Hawakuwa wamewahi kusikia sauti yake, na labda ndiyo maana walisubiri. Jua likafanya kazi yake. Kingo zikakauka, zikawa nyeupe, na katikati ya jiwe zikabaki zile nyuzi. Simo alipiga magoti. Vidole vyake, vilivyozoea, vikapita juu ya kila alama.

"Huu ni mkono wa mchongaji," alisema taratibu. "Hili ni jina la mtu."

Damasia alikuwa amebadilika rangi. "Funika jiwe hilo, Filina. Jina hilo halitamkwi hapa. Ukilitamka, ufagio uuache mlangoni, na usirudi tena."

Hakuwa na kazi nyingine. Hakuwa na baba, wala mume, wala mwezi mmoja wa shayiri ghalani.

"Timanthi," alisema. Ilitoka ndogo, akairudia. "Timanthi, baada ya Alkinoe, kabla ya Faena. Miaka kumi na mmoja. Katika mwaka wake wa tatu jua lilizimika mchana."

Kleandro akafungua hati zake za mafunjo kwa haraka hata moja ikachanika. "Hilo la jua sijamwambia mtu hapa," alisema. "Waathene waliliandika. Miaka sitini na saba iliyopita." Akahesabu kwa vidole vile vyeusi. "Sabini, toa tatu. Mzee, unasikia? Sabini, toa tatu!"

Damasia aliketi juu ya ukingo wa ukuta. Baragumu likalia kutoka madhabahuni, kuwaita wazee kwenye kiapo.

"Baba yangu alikuwa miongoni mwa wale waliokuja langoni na kamba," alisema Damasia, bila kumtazama yeyote. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akaelekea madhabahuni. Hakuifuta kauli yake kuhusu ufagio. Lakini alipompita Simo alisema, "Acha nafasi ya mstari mmoja."

Simo alinyosha uzi wake wenye chaki juu ya marumaru, akalisogeza jina la Faena, alilokuwa ameliandika kwa mkaa, chini kwa upana wa vidole viwili.

Filina aliegemeza ufagio mlangoni. Uani hapakuwa na kelele ila za chuma juu ya jiwe. Kwenye kipandio herufi zilikuwa zikikauka moja baada ya nyingine, za pembeni kwanza, mpaka ikabaki ile ya mviringo peke yake, ikimetameta. Alichuchumaa karibu nayo.

"Bibi," alisema, "hata mimi nilikucheka."