Ubao Ulio Juu ya Visu

Anavyosimulia Baba Lugano, mama yangu aliruka mwenyewe. Ng'ombe walikuwa wanakwenda taratibu kama watu wanaokwenda kanisani, yeye Baba Lugano yuko pembeni ameshika kamba, na mama amekaa juu ya ubao wa mashine anacheka. Mama akaona mtu anayemfahamu akipita barabarani. Akanyanyua mkono kumpungia, akageuka mzima mzima, akateleza. Baba Lugano akapiga kelele, "Shika chuma, mama!" lakini mama bado anacheka tu.

"Na jina lenyewe Sekela," anamalizia. "Kwa lugha yetu maana yake ni Furahi. Basi kazi yake ndiyo hiyo."

Hapo watu wanacheka. Halafu wanatikisa kichwa, wanasema maskini, pole yake.

Nimeyasikia hayo bombani, nimeyasikia nje ya kanisa tukisubiri mvua ipite. Wiki jana nilipeleka ndizi Kyela mjini, mwanamke mmoja anayeleta vitenge kutoka Malawi akaniuliza kama ni kweli mama yangu alikuwa anacheza ngoma juu ya mashine. Kwa hiyo sasa hata ng'ambo ya mto Songwe mama yangu anacheza ngoma. Na nyumbani amelala, mguu umefungwa kuanzia kifundo mpaka chini ya goti, hawezi kufika chooni bila kunishika bega.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya mashine ile, naokota mabua yaliyoruka visu. Hakuna mtu aliyepita barabarani. Na mama hakucheka.

Mashine yenyewe kila mtu hapa Ngonga anaijua. Tunaiita Pipa. Ni pipa la chuma limelala ubavu, limezungushiwa visu virefu, na juu yake kuna fremu na kisanduku cha chuma. Wazee wanasema ililetwa na mzungu mmoja aliyejaribu kulima pamba huku bondeni, akashindwa, akaondoka, akaiacha imezama kwenye magugu. Ng'ombe wakiivuta, pipa linabingirika, visu vinakatakata mabua vipande vifupi, plau inakuja baadaye inafukia. Kwa miaka mingi hakuna aliyeihitaji, maana mabua ya mahindi tulikuwa tunayachoma moto na mambo yanaisha. Lakini moto ulipoingia kwenye mikakao ya watu na kuimaliza, kijiji kikapiga marufuku kuchoma. Ndipo kikundi chetu kikaifukua, tukaisugua kutu, tukainoa. Pipa ni letu sote. Ng'ombe ni wa Baba Lugano.

Sasa, Pipa likiwa jepesi halikati. Linapita juu ya bua, bua linalala, likishapita linainuka tena. Lazima liwe na uzito. Kile kisanduku cha juu ni cha kuwekea mawe, na mawe yalikuwemo. Huku kwetu ukichimba unakuta udongo mweusi, ukiendelea unakuta maji. Jiwe ni kitu cha kufuatwa mbali, huko mto unakoshukia kutoka milimani. Tuliyafuata sisi wenyewe, wanawake kwa wanaume, tukayavuta kwa ng'ombe, tukajaza kisanduku. Misimu miwili Pipa lilikata mabua ya watu wote kwa mawe yale, na hakuna aliyepoteza hata ukucha.

Halafu Baba Lugano akajenga nyumba mpya. Nyumba nzuri, ya bati jekundu, yenye baraza mbele. Na baraza ile imesimama juu ya msingi wa mawe.

Alisema ameyaazima. Alisema ataleta mengine kiangazi kikifika. Tukala wali na nyama kwenye baraza ileile siku ya kuifungua nyumba, tukaimba, mchungaji akaomba, hakuna aliyeuliza. Mimi pia nilikula. Kiangazi kikafika na mawe hayakuja. Badala yake ukaja ubao. Baba Lugano aliupigilia juu ya kisanduku kitupu, akasema mwenye shamba atakaa hapo, uzito wake unatosha.

Mwenye shamba, alisema. Lakini shamba likiwa la mwanamume, aliyekaa ni mke wake. Mwanamume ana kazi ya kuelekeza. Msimu huu wote sijaona suruali hata moja juu ya ubao ule.

Siku ya zamu yetu mama alipanda akiwa ameshika fremu kwa mikono miwili, miguu ameikunja kwa sababu hakuna pa kuiweka. Chini yake visu vinazunguka. Baba Lugano alikuwa na haraka. Alikuwa amemwahidi mtu wa Ikolo kwamba atamlimia mchana uleule. Akawa anawachapa ng'ombe. Mama akamwita baba, kwa heshima, "Tata, polepole." Akawachapa. Tulipokaribia mfereji mama akasema, nikisikia kwa masikio yangu, "Tata, naomba nishuke, nitapanda tena upande wa pili."

Baba Lugano akajibu, "Ukishuka visu havikati. Kaa hapo."

Akawachapa tena. Pipa likaingia mferejini, likaruka, ubao ukachomoka upande mmoja, na mguu wa mama ukaingia kati ya fremu na pipa. Ng'ombe waliendelea hatua kadhaa kabla hajawasimamisha. Hizo hatua sitazieleza. Nilivua kitenge changu nikaufunga mguu, bodaboda akatupeleka Kyela, yeye mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Hospitalini walifanya kazi yao vizuri. Mguu upo. Lakini shambani, walisema, asahau msimu huu.

Na hapo ndipo utaona kwa nini mama yangu amefanywa aruke mwenyewe.

Kikundi chetu tuna mapatano, yalifanywa tangu siku tuliyoifukua mashine. Anayemuumiza mwenzake kazini, yeye na ng'ombe wake watalihudumia shamba la aliyeumia mpaka apone: kukata mabua, kulima, kusawazisha. Lakini aliyejiumiza mwenyewe kwa uzembe atawasubiri ndugu zake. Ndugu wa mama ni mimi. Nina jembe na panga. Mvua ziko njiani, nusu ya shamba letu bado imesimama mabua, na tusipopanda kwa wakati mwaka mzima tutakula kwa kuomba.

Nilimwendea kwanza kwa heshima. Nilipiga magoti pale barazani, nikamwamkia, nikasema, "Baba, nimekuja kwa habari ya shamba la mama."

Akaniitia kiti. Akanipa pole ndefu. Halafu, sijui nieleze vipi mtu anielewe, akaanza kunisimulia mimi. "Unajua, Kisa, ng'ombe walikuwa wanakwenda taratibu. Mama yako akaona mtu barabarani..."

"Baba, nilikuwepo."

"Ndiyo, ulikuwepo, lakini ulikuwa nyuma. Akanyanyua mkono hivi..." Akanyanyua mkono, kunionyesha.

Nilimwacha amalize. Nilishuka barazani nikiyatazama mawe yetu, yamepakwa chokaa, moja baada ya jingine.

Mama nilipomweleza alisema, "Acha, mwanangu. Ni jirani. Kesho ng'ombe wake tutawahitaji." Akageukia ukutani. Mama yangu anayesemwa kwamba kazi yake ni kucheka.

Sikuacha. Nilimwomba mwenyekiti wetu, Mama Elizabeth, alete neno kwenye kikundi, na Jumamosi tukakutana kwenye shamba lake mwenyewe, maana zamu ilikuwa yake. Pipa lilikuwa pale, ng'ombe wameshafungwa nira. Ubao ulikuwa umepigiliwa upya, kwa misumari mirefu zaidi. Hilo Baba Lugano alilionyesha kwa watu kama mtu aliyetenda jema.

Alisimulia kwanza yeye. Alikuwa ameongeza: sasa mtu aliyepita barabarani alikuwa kwenye baiskeli, na baiskeli ilikuwa na kengele.

Zamu yangu ilipofika nilisema nilichokiona. Haraka ya Ikolo. Fimbo. Mama kuomba kushuka. Jibu alilopewa.

"Wewe mtoto," Baba Lugano alisema, bila hasira, "uliona nini na ulikuwa umeinama unaokota mabua?"

"Kuinama hakuzibi macho, baba. Wala masikio."

Wanawake wawili watatu waliguna. Anyelwisye, ambaye hawezi kukaa kwenye kikao bila kuchekesha watu, akasema, "Haya, haya, tumeanza kesi ya Pipa, tumwite na ng'ombe atoe ushahidi."

Wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Tena kuna mawe," nikasema. "Mashine hii ilikuwa na mawe. Kama mawe yangekuwemo kisandukuni, mama asingepanda. Mawe yako wapi?"

Kila mtu pale anajua yaliko. Kila mtu aliyakanyaga akienda kuchukua sahani ya wali. Lakini ungeona jinsi watu wazima walivyoanza kutazama ng'ombe, kutazama mawingu, kujifunga vizuri vitenge ambavyo vilikuwa vimeshafungwa vizuri.

Mama Elizabeth akakohoa. "Kisa, mwanangu, tumekuja kwa habari ya mguu. Habari ya mawe haimo katika yaliyotuleta leo."

"Mguu umetokana na mawe, juba," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yetu.

"Itapangiwa siku yake."

"Mama hana shamba la kungoja siku yake."

"Basi, basi," akasema Mama Elizabeth. "Kuna maneno mawili hapa, la kwako na la Baba Lugano. Hatuwezi kumwambia mzee ni mwongo mbele ya watu. Tumwachie Mungu aamue. Tuchangie tu pole ya sukari tumpelekee mama yako, na sasa tufanye kazi, jua linapanda."

Watu wakaitika amina, kwa haraka, kama waliofunguliwa mlango. Baba Lugano akasema "ndaga fijo, ndaga fijo" kwa kila upande, asante sana, asante sana. Akachukua fimbo yake.

Ndiyo ikawa imekwisha. Shamba la mama yangu limetolewa kwa sukari.

Akaiweka kamba sawa, akaukagua ubao kwa kiganja, akageuka. "Haya, nani anakaa?"

Hakuna aliyesogea. Mama Elizabeth, ambaye shamba ni lake, akasema goti linamsumbua tangu juzi. Mwingine akasema ana mtoto mgongoni. Mwingine akakumbuka sufuria aliyoiacha motoni. Wanawake walewale waliosema amina dakika ileile! Basi wanajua. Hakuna hata mmoja aliyeamini ile baiskeli na kengele yake, hata mmoja. Wangeamini, wangepanda.

"Si Kisa huyu hapa?" akasema Anyelwisye. "Kijana, ana afya, mtazameni alivyojaaliwa huko nyuma. Huyu peke yake ni kisanduku kizima cha mawe."

Wakacheka tena, na safari hii walicheka kwa furaha, kwa sababu mtu amepatikana. Mama Elizabeth akanitazama kwa upole. "Nisaidie, mwanangu. Na wewe siku yako tutakusaidia."

Nikaenda kwenye Pipa. Watu wakadhani nakwenda kukaa, wakaanza kunipisha njia. Nikausafisha ubao kwa upindo wa kitenge, vumbi lote likatoka. Halafu nikaenda upande wa ng'ombe, nikauweka mkono wangu kwenye kamba, juu kidogo ya mkono wa Baba Lugano.

"Niachie, baba."

Akaachia, nadhani kwa kushangaa tu.

"Wewe umesema mashine hii haina kosa," nikasema. Nilikuwa nimeingoja siku hii vya kutosha. "Umesema ng'ombe wako wanakwenda taratibu, na anayeanguka ni anayecheka na kupungia watu. Vizuri. Mimi nitawaongoza. Sitawachapa hata mara moja. Tutakwenda kutoka hapa mpaka kwenye ile migomba, na mfereji wa shamba hili tutauvuka kama ulivyouvuka wa kwetu na mama. Wewe kaa hapo juu, usicheke, usimpungie mtu. Ukifika kule na miguu yako, nitalisafisha shamba la mama peke yangu kwa panga, na neno la mawe hamtalisikia tena kinywani mwangu."

Anyelwisye akasogea nyuma ya wenzake.

"Kisa," Mama Elizabeth akasema.

"Sijamtukana, juba. Namwomba kitu ambacho mama yangu alikifanya."

Baba Lugano alikuwa amesimama na fimbo yake imeelekea chini. Aliutazama ubao. Halafu aliinama kidogo, nikamwona, akatazama chini ya ubao, pale visu vilipo, na vilikuwa vimenolewa asubuhi ile, vinang'aa. Ng'ombe mmoja akatikisa kichwa, mnyororo ukalia, pipa likasogea kidogo likasimama. Baba Lugano akarudi nyuma hatua moja.

Watu wote walikiona kile alichokifanya. Hakuna aliyecheka.

"Baba Lugano," nikasema, "nakuomba. Panda ukae."