Maji Yasiyofunikwa

Bwana afya Pasikali hakupiga kelele. Alisimama kando ya mfereji ulioteremka na maji ya buluu kutoka uani kwa bibi Kezia, hapo Kasulu, akasema, "Bibi, Ijumaa nakuja kupima. Maji yakiwa bado hivi, mapipa ya rangi unayaondoa."

Kezia alianza kutia vitenge rangi tangu mwanawe wa kwanza, Reverien, akiwa mgongoni. Mfereji wake ulibeba maji ya kusuuzia vitambaa pamoja na ya bafuni, ukaishia kwenye mchicha wa jirani yake Zaitun, ambaye wanawe walikuwa wameharisha mara mbili mwezi ule.

"Siondoi kitu," Kezia akajisemea. "Nitayasafisha."

Jumatatu mjukuu wake Divine, anayesomea kemia chuoni, akaleta vigae vyeupe sita.

"Vimepakwa chembe za nano, bibi. Ukizipanga elfu moja, hazivuki unene wa unywele. Jua likizipiga, zinavunjavunja rangi na kuua bakteria."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nina jeshi lisiloonekana, chakula chake mwanga."

"Si ndiyo hizi hizi chembe, bibi!"

"Umepata. Haya, mke mwenzangu, kazi."

Wakayaacha maji ya mfereji yatuame pipani, wakayachuja kwa mchanga, wakayamimina kwenye sinia pana zilizotandikwa vigae, kina vidole viwili. Kisha Divine akaenda Kibondo kupeleka vigae vingine.

Aliporudi Jumatano alasiri, maji yalikuwa buluu vilevile, na juu ya kila sinia kulikuwa na kipande cha bati.

"Bibi! Nani kafunika?"

"Mimi. Maji yakae wazi uani kwangu, mgeni apite aseme mama yangu hakunifunza?"

Divine akashika kiuno. Kezia akayatazama mabati, akamtazama mjukuu wake, halafu mikono ikamwenda kinywani.

"Ee Mungu wangu. Jeshi langu nimelinyima chakula siku mbili nzima! Na kitendawili nilikitega mwenyewe!"

Hakungoja kuchekwa. Akayang'oa mabati yote, moja baada ya jingine.

Alhamisi jua lilipochomoza lilimkuta kwenye kigoda, fimbo mkononi, akifukuza kuku. Kivuli cha mgomba kikisogea, naye anaburuta sinia. Zaitun akachungulia juu ya ua.

"Mama Reverien, mbuzi wamekwisha, sasa unachunga maji?"

"Nawachungia watoto wako, mwenye maneno! Ingia, shika upande ule."

Zaitun akaingia, khanga kiunoni. Wakakaa mpaka jua likazama, mgongo wa Kezia ukimuuma, hainuki.

Ijumaa mchana maji yalionyesha vigae chini, vyeupe kabisa. Pasikali akayachota, akayatia kwenye kichupa chenye dawa.

"Rangi imetoka, naona. Lakini hiki kikigeuka cheusi kufikia keshokutwa, vijidudu vya chooni bado vimo."

Jumapili baada ya ibada alirudi nacho. Hakikuwa cheusi.

"Endelea na kazi, bibi. Ila siku za mawingu?"

"Siku za mawingu sitii rangi. Nashona."

Mabati yale akampa Zaitun, akafunikie mitungi ya maji ya kunywa.